Nani Kasema Vitabu Havipigi Kura?

Ujumbe uliingia Jumapili saa nne kasoro usiku, tukiwa katikati ya mjadala. Kiongozi mmoja wa vijana, wa ngazi ya juu kuliko mimi, aliandika kwenye grupu letu la kusoma: "Vitabu havipigi kura. Wenzenu wanajipanga na uchaguzi, nyie mnajadili madampo na miti. Hili grupu tuligeuze la uhamasishaji." Akaweka na vimoto vitatu, akatoka zake. Siku mbili baadaye tukasikia hoja hiyo inapelekwa rasmi kwenye kikao cha vijana cha mkoa: klabu ya kusoma ivunjwe, watu wake wahamishiwe kwenye kikosi cha mitandaoni.

Simtaji jina kwa sababu shida si yeye. Kauli hiyo nimeisikia kwa wengi, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu, watu waliolala mahabusu kwa ajili ya chama hiki. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, na ni mmoja wa watu watatu tunaoiendesha klabu hiyo. Kwenye kikao cha mkoa sina kiti. Kwa hiyo najibu hapa hapa, mbele ya vijana wote, na kaka yangu huyo akitaka kunijibu nafasi ipo.

Kwanza, wasioijua waijue

Klabu yetu haina ofisi, haina bajeti, haina mfadhili. Ina grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, wengi wa humu nchini, wachache wako Nairobi na Muscat kwenye kutafuta maisha. Kila mwezi tunachagua kitabu kimoja au sheria moja inayohusu haki za jamii na mazingira: ardhi, maji, madini, misitu, taka, kazi za watu. Kila wiki mmoja wetu anasoma sura, anaifupisha kwa sauti ya kurekodi isiyozidi dakika tano, ili hata asiyeweza kununua kitabu ajue kinasema nini. Jumapili saa tatu usiku tunakutana kujadili. Kwa nini saa tatu? Kwa sababu mama ntilie wetu wawili wanakuwa wameshaosha masufuria, na vijana wa bodaboda wanakuwa wamepunguza mzunguko.

Ndiyo, umesikia vizuri. Mama ntilie na bodaboda. Kuna picha imejengeka kwamba klabu ya kusoma ni ya wasomi wa chuo wanaokunywa kahawa na kuongea Kizungu. Kwetu wenye digrii hawafiki robo. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna dada anauza mitumba, kuna wakulima wa ufuta na korosho, kuna fundi wa simu ambaye ndiye anayeuliza maswali magumu kuliko wote. Mkitaka kutuvunja, mjue mnamvunja nani.

Sasa twende kwenye hoja zenyewe.

"Mazingira ni mambo ya wazungu"

Hii nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Eti sisi tuna njaa, mambo ya mazingira ni ajenda ya wafadhili. Haya, tuanze na Tabata.

Miaka ya themanini Jiji la Dar es Salaam lilikuwa linamwaga taka zake Tabata, kwenye makazi ya watu. Moshi mchana, harufu usiku, nzi saa zote. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 299 ya mwaka 1988, inayojulikana kama kesi ya Kessy. Wakashinda. Jiji likaambiwa liache kutupa taka pale na litafute mahali ambapo halitadhuru watu. Likafanyaje? Likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda. Likaongezewa. Likarudi tena. Mpaka suala likafika kwa Jaji Lugakingira, naye akasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba hajapata kusikia mamlaka ya umma inaingia mahakamani kifua mbele kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaifungua Katiba, ibara ya 14, haki ya kuishi. Akawaambia kumwagia watu taka mlangoni ni kugusa haki yao ya kuishi.

Hebu angalia tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini serikali ikajiwekea muda wa kujiandaa, kwa hiyo watu walianza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Vyama vingi vilirudi 1992. Maana yake wakati hakuna chama cha upinzani hata kimoja kilichoandikishwa nchi hii, wakati kupinga serikali hadharani ni jambo la kujitafutia makubwa, wakazi wa mtaa waliishtaki mamlaka ya serikali kwa sababu ya jalala. Halafu leo mtu mwenye kadi ya upinzani ananiambia taka si siasa!

Lakini stori haiishii hapo, na hapa ndipo nataka usome taratibu.

Jiji lilipozuiwa Tabata, likapeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao, mamia yao, wakafungua kesi mwaka 1991. Wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti. Baadaye zikaenda Mtoni. Baadaye Pugu Kinyamwezi. Tabata, Kunduchi Mtongani, Vingunguti, Mtoni, Pugu. Umesikia Masaki hapo? Umesikia Oysterbay? Lori la taka linapita linapita, likifika kwa wenye nacho linakata kona.

Usiku tuliojadili kesi hizi, kuna dada wa klabu aliyezaliwa na kukulia Vingunguti. Alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akatuma sauti ya sekunde chache tu: "Kwa hiyo lile dampo la utotoni kwetu lilitoka kwa watu walioshinda kesi?"

Grupu zima lilinyamaza. Mimi ninayejifanya najua sheria nilinyamaza pia, kwa sababu darasani kesi ya Kessy tunafundishwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza taka zilikwenda wapi baada ya hukumu. Zilikwenda kwa mtaa uliofuata, kisha kwa mtaa ambao haukuwa umejipanga vizuri. Ushindi wa mtaa mmoja ukawa msiba wa mtaa mwingine, kwa sababu kila mtaa ulipigana peke yake.

Ndugu zangu, swali la yule dada ndilo sababu ya chama cha siasa kuwepo. Mahakama inaweza kusema taka zisikae Tabata. Haiwezi kukaa ikaamua jiji zima litakusanyaje taka, litazitenganishaje, litamlipaje anayeokota chupa, na nani atabeba mzigo kwa zamu ya haki. Hiyo ni kazi ya sera, na sera ni kazi yetu. Sijawahi kusikia hoja hii kwenye mkutano wa hadhara wa chama chetu. Niliisikia kwenye klabu ya kusoma, kutoka kwa mtoto wa Vingunguti.

Na kama bado unasema ni mambo ya wazungu, vuka mpaka hapo jirani. Mwaka 1989 utawala wa KANU ulitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Aliyesimama kulipinga ni mwanamke aliyeanza kwa kuotesha miche na akina mama wa vijijini tangu mwaka 1977, Wangari Maathai. Wabunge walimcheka bungeni. Walimwita majina. Jengo halikujengwa, na bustani ipo mpaka leo. Mwaka 2002, KANU ilipong'olewa madarakani, yeye akaingia bungeni, akawa naibu waziri wa mazingira, na mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani. Sasa niambie: yule alikuwa anajadili miti, au alikuwa anajadili dola?

Au njoo nyumbani. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko kwenye ardhi yetu. Kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ina hisa asilimia 62, shirika letu la TPDC lina asilimia 15. Kila kilomita ya bomba hilo ni shamba la mtu, ni kaburi la babu wa mtu, ni mti wa mwembe uliothaminiwa kwa bei fulani na afisa fulani. Ukiwa mgombea wa upinzani katika wilaya zinazopitiwa na bomba hujui sheria ya fidia inasemaje, utawaambia nini wananchi? Utapiga kelele "wezi hao!" wakupigie makofi, ukishaondoka wabaki na fomu zao mkononi wasizozielewa.

"Vitabu havipigi kura"

Ni kweli, kitabu hakina kadi ya mpiga kura. Lakini nikupe kisa kimoja.

Tulitumia miezi miwili kusoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Kuna mwanachama wetu mkulima wa ufuta, mkoa mmoja wa kusini. Kijijini kwao wakaitwa kwenye mkutano. Wakaambiwa mwekezaji kaja, halmashauri ya kijiji imeshakubali, wananchi mmeitwa kupewa taarifa. Kupewa taarifa! Yule ndugu akanyoosha mkono. Akauliza swali moja tu: mkutano mkuu wa kijiji uliidhinisha lini ugawaji huu, na muhtasari wake uko wapi?

Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Awali, wapendwa. Neno "awali" maana yake kabla, siyo baada ya mwekezaji kushapiga picha na mwenyekiti. Wazee wa meza kuu wakatazamana. Mmoja akamwuliza kwa dharau, "Wewe nani, mwanasheria?" Akajibu, "Hapana mzee, mimi nalima ufuta. Ila nimesoma." Mkutano ukaahirishwa.

Sisemi ameshinda. Ekari zile bado zina utata, na kuna watu wameacha kumsalimia. Lakini kesho yake akina mama wa kijiji walimfuata wakitaka awasomee hiyo karatasi. Akakaa nao chini ya mwembe na simu yenye kioo kilichopasuka, akawasomea kifungu baada ya kifungu kwa Kiswahili. Sasa hivi watu wanamwuliza lini atagombea uenyekiti wa kitongoji. Hakugawa fulana wala hakuleta msanii. Alisoma kifungu kimoja kwa wakati unaotakiwa.

Kaka yangu, kura hiyo umeiona inatoka wapi?

Na kinyume chake tumekiona pia, kwa aibu. Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, yale yaliyosainiwa Oktoba 2022. Nakumbuka ile PDF ilivyozunguka. Kila grupu la chama lilikuwa nayo. Mimi mwenyewe niliituma kwa watu kumi na kitu kabla sijafungua ukurasa wa pili, nakiri. Tukapiga kelele wiki nzima, "tumeuzwa, tumeuzwa". Halafu watu wa upande wa pili wakaanza kutuuliza, "Mmeusoma? Ibara gani?" Wengi wetu tukababaika. Mjadala ulibadilika pale waliousoma walipoanza kutaja ibara: ukomo wa makubaliano, namna ya kujitoa, migogoro itaamuliwa wapi. Kuanzia pale serikali ndiyo ikaanza kujieleza.

Tena walikuwepo waliokumbusha kwamba mwaka 2017 Bunge hilohilo lililojaa CCM lilipitisha sheria mbili kuhusu mamlaka ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake, moja ikilipa Bunge nguvu ya kupitia upya masharti hasi kwenye mikataba. Ukimpiga mtu kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe hana pa kulalamikia. Lakini lazima ujue fimbo iko wapi, na ipo kwenye maandishi.

Kikosi cha mitandaoni kinachotaka kutumeza kitafanya nini hapo? Kitasambaza PDF haraka zaidi. Haraka tunayo tayari. Kinachokosekana ni watu wanaofungua ukurasa wa pili.

"Huu si wakati wa kusoma"

Wakati gani basi? Kuanzia mwaka 2016 mpaka Januari 2023 mikutano ya hadhara ya siasa ilipigwa marufuku. Miaka karibu saba. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ukitaka kuwa na blogu yako wakati huo ulitakiwa leseni na ada zilizozidi shilingi milioni 2. Mimi wakati huo nilikuwa sekondari, nimevaa sketi ya shule. Siasa sikuipata jukwaani, majukwaa yalikuwa yamefungwa. Niliipata kwa mjomba aliyenipa vitabu viwili vya zamani vyenye kurasa zinazodondoka, na kwa rafiki zangu wawili tuliokuwa tukijadiliana navyo baada ya prepo. Wengi wa rika langu mliomo humu mliingia chama hivyo hivyo, kwa kusoma na kubishana. Jukwaa lilipofunguliwa mlikuwa tayari mna cha kusema.

Na hatukuanza sisi. Mwaka 1967 pale Mlimani wanafunzi walianzisha umoja wao wa kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Kiganda anaitwa Yoweri Museveni (yaliyompata baadaye tuyaache kwa leo). Jumapili asubuhi, wengine wakiwa wamelala, walikaa kusoma na kuchambua. Wakaanzisha jarida linaitwa Cheche. Ndani ya jarida hilo mwaka 1970 kijana Issa Shivji aliandika uchambuzi mrefu wa matabaka nchini mwetu. Mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku jarida na umoja wenyewe. Miongoni mwa waliosoma na vijana wale ni mhadhiri wa Mlimani, Walter Rodney, ambaye kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, na Tanzania Publishing House ilikuwa mmoja wa wachapishaji.

Yule kijana Shivji ndiye baadaye aliyeongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, 1991 hadi 1992. Tume ilizunguka nchi, ikasikiliza wanakijiji, ikapendekeza ardhi isiendelee kuwa chini ya mamlaka ya Rais. Serikali ikakataa. Sheria za 1999 zikabaki na Rais kama mdhamini wa ardhi yote. Kwa hiyo unapoona leo mgogoro wa ardhi, iwe Loliondo au kwenye kijiji cha yule ndugu wa ufuta, jua kwamba kuna njia nyingine iliandikwa, ikapendekezwa, ikawekwa kabatini. Chama kinachodai katiba mpya bila kuisoma ripoti ile ni sawa na fundi anayebomoa nyumba hajui nguzo ziko wapi.

Sote tulisoma Kusadikika shuleni, nyingi tukiisoma kwa ajili ya mtihani. Irudie sasa ukiwa mtu mzima. Kosa la Karama ni lipi? Hakuiba. Hakuua. Alitaka kuanzisha mafunzo ya sheria ili watu wajue haki zao, basi wakubwa wakamshtaki. Shaaban Robert aliandika hayo kwenye utawala wa Mwingereza, na kila utawala uliofuata umejikuta ndani yake. Watawala wanaogopa msomaji. Hilo nalielewa, ni kazi yao kuogopa. Nisichokielewa ni chama cha upinzani kufunga klabu ya kusoma kwa mkono wake mwenyewe, bila hata polisi kuja. Tunawasaidia kazi?

Na yetu tuyaseme

Sitaki mtu adhani naitetea klabu kama malaika. Tuna makosa, na ningependa kikao cha mkoa kitusute kwa hayo badala ya kutuvunja.

Kosa la kwanza ni lugha. Mwanzoni tulichagua vitabu vya Kiingereza tupu, kwa sababu sisi watatu tunaoendesha tumekizoea. Robo tatu ya watu wakawa wasikilizaji tu. Yule fundi wa simu ndiye aliyetuambia, "Nyie mnatupigania haki kwa lugha ya kutunyima." Tukaona aibu. Sasa kila mwezi wa pili ni lazima kitabu kiwe cha Kiswahili, na tumegundua hazina tuliyokuwa tumeikalia. Gamba la Nyoka ya Kezilahabi kuhusu watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu ilituletea mjadala mkali kuliko kitabu chochote cha nje, kwa sababu kila mtu ana bibi aliyehamishwa. Na tangu 2021 sheria inasema Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna tena kisingizio kwamba sheria ni ya wenye Kiingereza.

Kosa la pili ni wizi. Ndiyo, wizi. Tulikuwa tunasambaza nakala za PDF za vitabu vya waandishi walio hai, halafu dakika ileile tunahubiri haki ya mtu kula jasho lake. Mwandishi naye ni mfanyakazi. Tumeacha. Sasa tunachangishana, tunanunua nakala chache halali, zinazunguka kwa basi kutoka mkoa hadi mkoa. Inachelewesha, lakini nikiongea habari za haki nalala usingizi.

Kosa la tatu, kaka zangu mtanisamehe, ni nyie. Wanaume wanarekodi sauti za dakika tisa, dada akirekodi mbili anakatizwa. Tumeweka zamu, na anayevuka dakika tano sauti yake inafutwa. Kelele zilipigwa siku ya kwanza, sasa zimeisha.

Kosa la nne ndilo kubwa, na hapo yule kiongozi ana chembe ya ukweli. Kusoma kunaweza kugeuka starehe. Mtu anaelewa kila kitu kuhusu ardhi halafu hajawahi kukanyaga mkutano wa mtaa wake. Tumekubaliana kila kitabu kiishe na kazi moja ya kufanya: kuhudhuria mkutano, kuomba muhtasari, kuandika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Wapo wanaotegea. Tunawajua, na tunawakumbusha.

Ninachoomba kikao

Naomba mambo matatu, na hakuna linalohitaji hela nyingi.

Klabu ibaki huru, isigeuzwe kuwa ghala la watu wa kusambaza mabango ya wagombea. Mtu aliyesoma atasambaza mwenyewe akiona linafaa, tena ataweza kulitetea likiulizwa.

Kila mgombea wa vijana, kuanzia kitongoji mpaka ubunge, asome angalau sheria moja inayogusa watu wake na aje aieleze kwetu Jumapili moja. Dakika tano tu. Atakayeshindwa kueleza dakika tano mbele ya mama ntilie ataelezaje bungeni?

Na chama kitafute njia ya kuwachangia bando wale wasioweza. Tunatumia hela kwenye spika na matarumbeta, na sipingi, ngoma ni ngoma. Lakini bando la msomaji mmoja kwa mwezi halifiki bei ya fulana moja ya kampeni, na fulana ikifuliwa mara nne inafubaa.

Kwako kaka uliyetuma vimoto vitatu: mimi sina ugomvi na wewe. Najua ulikotoka, najua umechoka, najua unataka kushinda. Hata mimi nataka kushinda. Ila nakukumbusha Tabata. Walishinda, na kilichofuata ni mtoto wa Vingunguti kukua akinusa ushindi wa mtu mwingine. Sitaki siku tukichukua nchi tuhamishe uozo kutoka kwa waliojipanga kwenda kwa wasiojipanga, kisha tuite hayo mabadiliko. Kujua namna ya kutofanya hivyo kunahitaji watu waliokaa wakasoma, wakabishana, wakasutana, kabla ya siku yenyewe kufika.

Jumapili hii saa tatu usiku tunasoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4 na cha 5. Cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinampa haki ya kwenda mahakamani ikivunjwa. Ni kurasa chache mno, unaweza kuzimaliza ukiwa kwenye daladala. Anayeongoza ni yule dada wa Vingunguti.

Karibu na wewe, kaka. Dakika zako tano zipo.